Mtumba Ulianzia Kwetu: Siku Moja Tunduma Kutafuta Shela



Mwezi wa saba tulikuwa Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, kwenye harusi ya ndugu yake mwenzetu. Harusi ilipokwisha na vyombo vikaoshwa, tukabakiwa na siku moja nzima kabla ya safari ndefu ya kurudi Dar na kuvuka maji. Wenyeji wakatushauri tukaone Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, linalokisiwa kuwa na uzito wa tani 16. Wallahi tulitaka. Lakini kwenye mkoba tulikuwa na karatasi ya vipimo vya mwali mmoja wa kwetu, na jiwe la tani 16 halina pa kukimbilia. Asubuhi tukapanda Hiace kuelekea Tunduma, mpakani na Zambia, kutafuta shela kwenye mitumba.

Kwa wasiotujua, sisi ni wawili. Tulisoma cherehani darasa moja baada ya kumaliza skuli, na sasa tuna duka dogo la kushona na kukodisha nguo za harusi. Humu tunasema "sisi" tu, kwa sababu ukimuuliza mmoja, mwengine ndiye anayejibu.

Mwali mwenye vipimo hivyo ni yatima, amelelewa na bibi yake. Bajeti yake ya nguo ya siku ya ukumbi ilikuwa laki moja na ishirini, pamoja na ushoni. Kwa pesa hiyo shela jipya hupati, na hata la kukodi ukipata, utapewa lile lililokwisha manjano kwapani. Tukamwambia ukweli mbele ya bibi yake: tukitafuta mtumba mzuri, tukaufumua na kuushona upya, atatoka kama mabibi harusi wengine. Yeye akakubali. Bibi akakubali. Shangazi yake akasimama akasema mtoto wao hatoki na nguo ya maiti.

Mnalijua neno hilo limetoka wapi. Mitumba ilipoanza kujaa bara, watu waliiita "kafa Ulaya", yaani mwenye nguo amekufa huko kwao na nguo zake zimeletwa kwetu. Ilikuwa ni mzaha, lakini mzaha ukikaa sana hugeuka kuwa itikadi. Tumeandika haya kwa ajili ya shangazi huyo, na kwa ajili ya kila mwali anayefanywa aone haya.

Tunduma asubuhi ni baridi kwa watu wa pwani. Mji uko juu ya uwanda wa milima, na tulikuwa tumevaa mabuibui mepesi ya Unguja kana kwamba tunakwenda Forodhani. Malori yamepangana barabarani hadi usione mwisho wake, mengine yanakwenda na mafuta na mizigo ya Zambia na Kongo, mengine yanarudi na shaba. Vijana wa kubadilisha pesa wamekaa na mabunda ya kwacha. Ukitazama mtaa wa mbele, hujui kama ule ni Tunduma bado au umeshakuwa Nakonde. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maharage alitusalimu kwa Kiswahili, akamgeukia mteja mwengine akasema "muli shani", kisha akarudi kwetu na Kiswahili chake bila hata kuvuta pumzi.

Sehemu ya mitumba ni kama ya popote: maturubai chini, marundo juu yake, na wenye meza ambao nguo zao zimechaguliwa na kutundikwa na bei yake imepanda kwa hiyo. Tulifika wakati belo linafunguliwa. Belo la kawaida lina kilo 45, limebanwa kwa mashine na kufungwa kwa mikanda, gumu kama tofali. Muuzaji alipokata mkanda wa kwanza nguo zikafura kama mkate unaoumuka, na wanawake tuliokuwa tumesimama pale tukasogea hatua moja sote kwa pamoja. Wa kwanza kushika ndiye mwenye haki ya kwanza. Ngʼambo ya pili, Zambia, nguo hizi wanaziita salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchagua kwa kufukua lundo. Malawi wanaziita kaunjika. Sisi tunazo "mitumba", na hapo ndipo hadithi yetu inapoanzia, kwa sababu neno hili lina umri mkubwa kuliko nguo kuukuu zenyewe.

Zamani, mtumba haukuwa nguo iliyovaliwa na mtu. Ulikuwa ni mzigo wa nguo mpya kabisa, majora yaliyofungwa kwa kubanwa na kamba ili mpagazi aubebe begani au kichwani kwa miezi kadhaa. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Mizigo hiyo ilifungwa Unguja na Bagamoyo. Kwa hiyo lile belo la Tunduma, ukiliangalia kwa jicho la neno lenyewe, ni mjukuu wa mzigo uliofungwa kwetu.

Na nguo gani ilikuwa ndani? Zaidi ni merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za mji wa Salem, Massachusetts, zikawa zinakuja Unguja na pamba nzito isiyopaushwa, ya rangi ya kreta, zinarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Watu wakaipa nguo jina la nchi ilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861 pamba ikaadimika, wakaja Waingereza na baadaye viwanda vya Bombay wakajaza nafasi, lakini jina la merikani halikubadilika. Fundi yeyote anajua: duka likifa, jina la kitambaa hubaki.

Pamoja na merikani kulikuwa na kaniki, ile nyeusi ya buluu iliyotiwa nili, na vitambaa vya rangi kutoka India na Maskati vya kuwapa machifu na wake zao. Vipimo vilikuwa mkono, shuka ya mikono minne, na doti ya mikono minane. Leo bado tunasema "doti ya kanga" na hatufikirii kwamba tunasema neno la misafara.

Sasa mtasema Tunduma inaingiaje. Njia kubwa ya misafara ilipita Tabora kwenda Ujiji, hilo tulisoma skuli. Lakini kulikuwa na njia za kusini pia, zilizopita Usangu na kushuka kwenye nchi iliyo baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kwenda Ubemba kulikokuwa na pembe. Hiyo ndiyo nchi ya Wanyiha na Wanyamwanga, ndiyo Songwe ya leo na upande wa Zambia unaopakana nayo. Mwaka 1879 Mskochi mmoja, Joseph Thomson, alipita baina ya maziwa hayo mawili na msafara ulioandikishwa Unguja. Mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma, yule yule aliyekuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani. Kumbe watu waliotoka Unguja walishatembea kwa miguu njia tuliyopita sisi kwa Hiace tukilalamika kuwa viti ni vidogo.

Nguo ilikuwa ndiyo pesa. Chakula cha msafara kililipwa kwa nguo, mshahara wa mpagazi kwa nguo, na hongo ya chifu wa kupita nchini mwake kwa nguo. Na hapa lazima tuseme jambo ambalo kwenye mapambo ya harusi hatupendi kulitaja. Watu pia walihesabiwa kwa doti. Katika nchi hii ya baina ya maziwa, wanawake na watoto waliokamatwa vitani au kuwekwa rehani walibadilishwa kwa nguo na kuhama mkono hadi mkono. Mmishionari wa Kijerumani aliyeitwa Elise Kootz-Kretschmer, aliyeishi upande wa Mbeya, aliandika masimulizi ya baadhi ya wanawake hao wakiwa wamekwisha kuwa huru, na ni kwa sababu hiyo tunajua kuwa hawakuwa idadi tu bali watu waliokimbia, waliorudi, waliotafuta watoto wao. Tulipokuwa tumeinama kwenye lundo Tunduma tukisema "hii elfu tatu, hii elfu tano", mmoja wetu alilikumbuka hilo akanyamaza muda mrefu.

Tusidhani pia kuwa watu wa huku walikuwa wakisubiri nguo za pwani wajisitiri. Upande wa Ufipa na bonde la Rukwa, jirani kabisa na Songwe, watu walilima pamba, wakasokota uzi na kufuma nguo zao kwa mitambo ya mbao iliyolazwa karibu na ardhi. Nguo zao zilikuwa nzito na za kudumu. Merikani ilikuja nyingi na rahisi, na mfumaji mmoja mmoja akaacha. Sisi mafundi tunaposema mitumba imetuua, tukumbuke kuwa kabla yetu kuna mafundi waliouliwa na mtumba wa kwanza, ule mpya, uliotoka Unguja.

Kisha ukaja mwaka 1890. Uingereza na Ujerumani walitia saini mkataba tarehe 1 Julai mwaka huo. Sisi wa visiwani tunaukumbuka kwa sababu ndio uliofungua njia ya Unguja na Pemba kuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Tunduma wanao sababu yao ya kuukumbuka: mkataba huo huo ndio uliochora mpaka baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ukifuata Mto Songwe na kuiacha ile barabara ya Stevenson, iliyoanzwa 1881 ili kuunganisha maziwa hayo, upande wa Mwingereza. Mwaka 1898 wakaja wapimaji wa pande zote mbili kuuweka mpaka ardhini. Wanyamwanga wakajikuta wengine ni watu wa Mjerumani na wengine wa Mwingereza, hali shamba ni lile lile na mashangazi ni wale wale. Hatukuwahi kufikiri kuwa Unguja na Tunduma zimeandikwa kwenye karatasi moja. Tulimwambia hivyo muuza maharage, akacheka, akasema basi sisi ni ndugu na kwa hiyo tumnunulie debe zima.

Kwetu visiwani, wakati huo huo, nguo ilikuwa ikibadilisha maana. Watumwa wa kike walivaa merikani au kaniki, kipande kimoja cha kufunga kifuani, na kujifunika kichwa na uso kama mabibi zao halikuwa jambo lao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na mwaka 1897 hali ya utumwa ikafutwa kisheria. Wanawake waliotoka utumwani walifanya nini na pesa zao za kwanza? Walinunua kanga. Kanga yenye rangi na pindo, doti kamili, moja ya kujifunga na moja ya kujifunika. Wengine waliipaka kaniki yao rangi au kuitengeneza upya mpaka isitambulikane kuwa ni kaniki. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, wakavaa buibui, na mtu asiweze tena kusema kwa kutazama kuwa huyu mjukuu wa nani.

Kwa hiyo shangazi wa mwali wetu hakuwa akisema upuuzi. Woga wa kuonekana umevaa nguo ya chini, nguo inayokutaja asili yako mbele ya watu, una mizizi mirefu kisiwani. Kisutu, ile kanga ya bibi harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ina heshima yake kwa sababu kila bibi harusi, wa kasri na wa banda la makuti, huvaa ile ile. Shela jeupe halina historia hiyo kwetu. Limeenea duniani tangu Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na gauni jeupe mwaka 1840, na likatufikia sisi kupitia picha, sinema na maduka. Cha kuchekesha ni kwamba tunaona haya kuvaa shela lililovaliwa Ulaya, lakini hatuoni haya kuwa desturi yenyewe ya kulivaa ni mtumba kutoka huko huko.

Turudi barabarani, maana bila barabara na reli Tunduma isingekuwa soko. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikisafirisha shaba yake kupitia huko, ikakabwa koo. Malori yakaanza kupita Tunduma kwenye barabara ya udongo kwenda na kurudi Dar es Salaam. Mwaka 1968 bomba la mafuta likafika Ndola. Kisha Wachina wakaja na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976. Kijiji cha mpakani kikawa mji wa watu waliosimama: anayesubiri lori, anayesubiri forodha, anayesubiri treni. Na watu wanaosubiri hununua vitu.

Miaka ya mwisho ya sabini na mwanzo wa themanini ilikuwa ya dhiki ya nguo nchi nzima. Viwanda vya serikali vilikuwapo, kama Urafiki wa Dar uliofunguliwa 1968, lakini vilikosa vipuri na pesa za kigeni. Mama zetu wanasimulia foleni za kanga, na kwamba kanga mpya ilikuwa zawadi ya kulia machozi. Nguo kuukuu za nje zilikuwapo tangu ukoloni, hasa makoti ya jeshi baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini sasa kuziingiza kibiashara kulibanwa, na zilizopita zilipita kwa magendo. Mwaka 1984 ndipo mlango ulipoanza kufunguliwa, wenye pesa zao za kigeni wakaruhusiwa kuleta bidhaa. Kisiwani wakati huo rais ni Ali Hassan Mwinyi, Mola amrehemu, na mwaka uliofuata akawa rais wa Muungano. Watu wakamwita Mzee Rukhsa. Mitumba ikaingia kwa makontena. Wapo waliomlaumu kwa hilo mpaka alipofariki mwaka 2024, na wapo akina mama ambao walisomesha watoto kwa turubai moja la mitumba na wakimtaja humwombea dua. Sisi tuko na hao wa pili, ingawa ni mafundi.

Tunasema ingawa, kwa sababu hesabu yake si nyepesi. Kila sketi ya elfu mbili kwenye lundo ni sketi ambayo fundi hakushona. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vipate pumzi. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru tuliyokuwa tukiipata chini ya mpango wa AGOA. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda peke yake ikashikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa nguo zake. Fikirieni: nchi ile ile iliyotuletea merikani mpya mwaka 1833 ilikuja kugombana na sisi ili tuendelee kuchukua zake kuukuu.

Lakini pia tuseme la kweli. Duka letu linaishi kwa mitumba. Lesi nzito ya pamba, bitana ya hariri, zipu za chuma zisizokwama, shanga zilizoshonwa kwa mkono, hivyo Darajani utavipata kwa bei ya kuuza ngʼombe. Kwenye lundo vimo, vimeshonwa kwenye gauni ambalo mtu amelichoka. Pazia la Ulaya ni vitambaa vya viti vya ukumbini. Shuka jeupe ni bitana ya mabibi harusi watatu. Nguo za ndani hatugusi, na TBS imezipiga marufuku kwa sababu za afya, hata kama pale Tunduma tuliziona zimejificha chini ya masweta.

Na suala la tahara tuliulizwa na shangazi, tena kwa ukali. Tulilipeleka kwa ustadhati wetu kabla ya safari. Akatueleza kuwa asili ya vitu ni tahara mpaka ujue najisi imeingia, na kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alivaa juba lililotoka Shamu wakati watu wa Shamu hawakuwa Waislamu. Ukiona shaka, osha, na hata bila shaka sisi tunaosha mara tatu. Kisha akatusimulia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia, liko katika Sahihi ya Bukhari. Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, alionekana siku moja na kanzu ya kitambaa cha kitri, nguo ya kawaida ya thamani ya dirhamu tano. Akamwonyesha mgeni wake kijakazi aliyekuwamo nyumbani, akasema huyu siku hizi anajiona mkubwa hataki kuivaa hata ndani ya nyumba, wakati enzi za Mtume yeye alikuwa na moja kama hiyo, na hakukuwa na mwanamke wa Madina anayepambwa kwa ajili ya mumewe ila alituma mtu kuja kuiazima.

Tukamwomba arudie. Nguo moja ya dirhamu tano, ikitoka nyumba moja kwenda nyengine, mji mzima wa mabibi harusi. Bukhari ameiweka kwenye mlango wa kuazima kitu kwa ajili ya bibi harusi. Sisi tulikua tukisikia kuwa nguo ya kuazima haisitiri, na mnajua msemo unavyomalizikia. Madina ilisitiri.

Tulilipata saa nane mchana, baada ya kuswali adhuhuri na kula wali maharage. Halikuwa kwenye yale yaliyotundikwa. Lilikuwa chini ya lundo la magauni ya watoto ya sherehe, limekunjwa vibaya, na muuzaji alidhani ni pazia. Mmoja wetu alilishika kwa vidole kabla hajaliona, na mkono wa fundi haudanganywi: lesi ya pamba, si ya plastiki. Tukalifunua. Mgongo wazi hadi kiunoni, mikono hakuna, mkia mrefu umechafuka udongo kwenye ncha, na doa la rangi ya chai upande wa kushoto. Yaani kwa macho ya kawaida halifai kwa mwali wetu hata kidogo. Lakini mkia ule ulikuwa na lesi ya kutosha kufunga mgongo wote na kutoa mikono mirefu miwili, na lile doa lilikuwa mahali ambapo kata yetu ingepita.

Bei ikaanza elfu thelathini alipoona tumeng'ang'ania. Mwenzetu akaliweka chini, akaanza kuangalia soksi. Ikashuka hadi kumi na nane. Tukatoa ishirini kwa sababu mama yule alikuwa na mtoto mgongoni anayekohoa, na kwa sababu kupunja mtu kwa nguo ya kupeleka kwenye ndoa hatukuona kuna baraka.

Jioni tukarudi Vwawa na gauni ndani ya mfuko wa salfeti, juu yake robo debe la maharage. Pale mpakani tulipita karibu na jengo la kituo cha pamoja, lililofunguliwa na marais Magufuli na Lungu mwaka 2019, ambako msafiri anakaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili. Marobota ya nguo yanapita hapo hapo kwenda Zambia, yakitokea bandari ya Dar. Njia ni ile ile. Kilichobadilika ni mbebaji na nani amelivaa kabla.

Nyumbani tulilifumua siku ya pili baada ya kufika. Hapa kuna jambo ambalo asiye fundi haoni. Ndani ya mshono wa kiuno kulikuwa na mistari miwili ya zamani ya matundu ya sindano. Mmoja wa kiwandani, ulionyooka. Wa pili wa mkono wa mtu, uliopunguza kiuno inchi mbili, kwa uzi wa rangi tofauti kidogo, na alikuwa fundi mzuri maana alikata pembe zote na hakuacha fundo hata moja. Kwa hiyo kabla ya kufika Tunduma lilikwisha kuvaliwa na wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Maiti gani anayepunguza kiuno? Tulimwita shangazi aje aone mwenyewe. Alikuja, akapitisha kidole juu ya ule mshono, akauliza kama tumeosha. Mara tatu, tukasema. Akaomba sindano akakaa kushona vifungo vya mikononi, kumi na sita kila upande, na wala hakusema kuwa alikosea, wala sisi hatukumuuliza.

Tulimwandikia bibi wa mwali hesabu yote: gauni elfu ishirini, uzi na bitana, ushoni. Kuuza mtumba kwa jina la mpya ni ghushi, na ndiyo maana wengi wamepoteza imani na sisi wenye maduka, kwa hiyo kila nguo yetu ya mtumba sasa inasemwa kuwa ni ya mtumba kabla mteja hajaijaribu.

Mwali alitoka nalo, mashaallah. Wiki mbili baadaye akalirudisha mwenyewe likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, akasema kama yupo mwengine wa hali yake tumwazime bila malipo. Tangu hapo limetoka mara tatu. Kila mara tunaachia kidogo kiunoni, na kitambaa cha akiba ndani ya mshono kimebaki nusu inchi tu, kwa hiyo tunaomba bibi harusi wa nne awe mwembamba.